Kiwimbi Juu ya Herufi

Kabla ya mfumo, mfumo ulikuwa miguu ya baba.
Saa mbili asubuhi Callao imefunikwa na garúa,
manyunyu yasiyofika kuwa mvua
wala yasiyokubali kurudi kuwa hewa,
naye Eustaquio, faili kwapani ndani ya nailoni,
anatoka forodhani kwenda afya ya mifugo,
afya ya mifugo kwenda wizarani,
wizarani benki, benki bandarini,
na bandarini, kwa kuwa muhuri umekaa upande,
anarudishwa forodhani.
Viatu jozi tatu kwa mwaka.
Alijua karani yupi hufunga dirisha kabla ya saa sita
na yupi hulainika ukimuulizia goti la mkewe.

Nikasomea kompyuta ili apumzike.
Ndivyo nilivyosema. Kweli yenyewe:
niliona haya wino wa zambarau
uliokataa kutoka kwenye vidole vyake tukila.

Miaka minne tuliketi, idara kumi na moja, meza moja,
tukigombania neno "uzito":
pamoja na kasha au bila kasha?
Kila mmoja kalikumbatia daftari lake
kama mtu afichaye deni.
Mwishowe wakalegea. Tamko moja, mlango mmoja;
unaandika mara moja, na kila idara
inajichotea kilicho chake.
Siku tisa zikawa saa nne.
Tulikata keki. Baba alikula kipande chake taratibu,
akauliza: "Na ikikosea,
inamwomba nani radhi?"
Tukacheka.

Alhamisi moja ya Juni, uwanja wa ndege, shehena ndogo:
malkia sitini wa nyuki kutoka Mendoza,
kila mmoja ndani ya kijumba cha mbao kisichozidi kiberiti,
na vijakazi wanne, na tonge la sukari
la kuwafikisha siku chache, si zaidi.
Mwenye mali: Saturnina Ñahui, mfugaji,
kashuka milimani usiku kucha kwa basi.
Afya ya mifugo ilimwandika Ñahui.
Forodha ikampokea Nahui.
Mashine mbili zikatazamana kwa adabu,
kila moja ikasema: simjui huyu.
UMEZUIWA.

Hakuna aliyekataa. Hapo ndipo penye uchungu:
hakuna hata wa kubembelezwa,
hakuna goti la kuulizia hali.

Nikafukua hadi usiku, nikaupata mstari.
Herufi zinazoruhusiwa: A mpaka Z.
Ubavuni tarehe, na alama ya aliyeuandika:
mimi, Nérida Ñaupas,
niliyekinyoa kiwimbi cha ukoo wangu
nisihisi hata wembe.

Kuurekebisha, idhini kumi na moja. Jumatatu, labda.
Nikampigia baba.
Hakuniuliza swali. Nilisikia tu kabati likifunguka,
kisha viatu vikigongwa sakafuni, kumbo mbili, kutoa vumbi.

Ijumaa akapita na cheti mkononi
mlango hadi mlango, kwa makarani waliobaki;
mmoja alikuwa mjane sasa, akamshika mkono muda mrefu,
kisha akaandika kwa kalamu, kwa herufi za shule:
*Huyu na huyu ni mtu mmoja.*
Hakuna mashine yetu iliyokuwa na nafasi ya sentensi hiyo.

Saa kumi jioni kasha likafunguliwa.
Hamsini na mmoja walikuwa hai.
Tisa, Saturnina aliwatoa mmoja mmoja,
akawaweka kwenye kona ya leso, akaifunga.
Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yakanikauka.
Nikasema tu, kosa lile ni langu.

Alinitazama kama atazamaye mizinga asubuhi ya baridi,
akauliza naitwa nani.
Nikamwambia, jina lote.
"Ñaupas," akarudia,
na kwa kidole chenye nta
akakichora hewani kile kiwimbi,
polepole, kama anayemfundisha mtoto,
halafu akabeba nyuki wake
akawahi basi.